Nuru Iliyochoka Ifikapo Ifakara

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifundisha elektroniki jijini Dar es Salaam, na kila muhula hufika wiki ya amplifaya ya kikomo. Ni sakiti inayokaa ndani ya kipokezi cha faiba, kwenye kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa punje ya mchele. Tunaichora ubaoni, tunaipigia hesabu, tunaipima maabara, kisha tunaendelea na somo jingine. Lakini faiba ya maabara yetu ni ya mita chache tu, imezungushwa juu ya meza. Nuru inayoingia upande mmoja hutokea upande wa pili na nguvu zake zote, na sakiti haina cha kuhangaikia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa faiba katika bonde la Kilombero, ndiye aliyenifungulia njia. "Mwalimu, njoo huku uone nuru inavyofika ikiwa imechoka," aliniambia kwa simu. Sikuwa nimewahi kufika Ifakara. Nilingoja mvua za masika zipungue, na Juni ilipoingia, mpunga ukivunwa, nikafunga safari.

Kutoka pwani

Niliondoka asubuhi kwa treni ya SGR. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza tarehe 14 Juni 2024, na aliyezoea foleni za barabara ya Chalinze atanielewa nikisema kwamba safari ya Morogoro siku hizi haikupi hata nafasi ya kusinzia. Ruvu ilipita, mashamba ya mkonge yakapita, na mara milima ya Uluguru ikajitokeza upande wa kushoto, ukungu umeikaa mabegani.

Nilikuwa nikiiwaza safari nyingine inayoanzia pwani hiyohiyo. Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda angani kwa setilaiti na kurudi, ghali na yenye kuchelewa. Kutoka ufukweni serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi mikoani, na kampuni za simu zikatandaza nyaya zao. Tulionjeshwa uzito wa nyuzi hizo tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja katika bahari ya Afrika Kusini. Siku ile hata muuza vocha wa mtaani kwetu alijua kwamba intaneti haitoki hewani.

Nuru ndani ya kioo cha faiba husafiri kama kilomita 204,000 kwa sekunde. Umbali wa kilomita mia nne na kitu kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara huumaliza kwa milisekunde 2 hivi. Haraka yake haina shida. Shida ni kwamba inapungua njiani, na kadiri inavyopungua ndivyo kazi ya kuipokea inavyokuwa ngumu. Kioo hiki kina historia ya kutia moyo. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walitoa hoja kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano, mradi kisipoteze zaidi ya desibeli 20 kwa kila kilomita. Wakati huo kioo cha kawaida kilipoteza zaidi ya hapo mara nyingi. Leo faiba iliyozikwa kandokando ya barabara zetu hupoteza desibeli 0.2 tu kwa kilomita, kwa nuru ya nanomita 1550. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule Seacom ilipofika kwetu.

Kutoka Msamvu kushuka bondeni

Stendi ya Msamvu nilipanda basi la Ifakara. Barabara kuu inakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na abiria waliobahatika kukaa dirishani waliwaona twiga wakila majani bila kujali malori. Mji wa Mikumi ulipofika tuliiacha barabara ya Iringa, tukakunja kushoto kuelekea Kidatu.

Hapo nchi inabadilika. Joto linaongezeka, mashamba ya miwa ya Kilombero yanaziba upeo wa macho, na matrela ya miwa yanaipa njia harufu ya sukari mbichi. Kwenye Mto Ruaha Mkuu kuna kituo cha umeme cha Kidatu, ambacho mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 1975 na ambacho uwezo wake ni megawati 204. Kwa miongo mingi njia ya kilovolti 220 inayotoka hapo kwenda Morogoro na Dar es Salaam ilikuwa tegemeo la jiji. Nilitazama minara yake kwa makini, maana kwenye njia kuu nyingi za umeme nchini, ule waya wa juu kabisa unaokinga radi umewekewa faiba ndani yake. Sehemu kubwa ya mkongo wetu wa nchi kavu inapita juu ya vichwa vyetu kwa mtindo huo. Mtu anayelima chini ya minara hana habari kwamba juu yake pana nuru.

Baada ya Kidatu barabara inaingia katikati ya mambo mawili makubwa. Kulia ni milima ya Udzungwa, imevaa msitu kutoka miguuni hadi kileleni, hifadhi ya taifa tangu 1992. Kushoto ni reli ya TAZARA na, nyuma yake, uwanda wa mto. Mkamba, Sanje, Mang'ula, Kiberege, Signali: vijiji vinafuatana, na mbele ya kila nyumba mpunga umeanikwa kwenye maturubai. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara kina kilomita 67 hivi, na sasa ni lami. Jirani yangu wa kiti, mama aliyekuwa akirudi Ifakara na mafurushi ya vitenge, alinihadithia jinsi basi lilivyokuwa likizama kwenye tope siku za masika na abiria kulala njiani. "Siku hizi tunafika na jua," alisema.

Kandokando ya lami nilikuwa nikihesabu vinguzo vifupi vya saruji vinavyoonyesha kwamba chini pamezikwa kebo. Vingine vimesimama wima, vingine vimelala, na viwili vitatu vilikuwa vimegeuzwa mafiga. Kila kilichoanguka kilinitia wasiwasi, kwa sababu mwenye trekta au jembe hawezi kukwepa asichokiona.

Ifakara

Mji wenyewe ni tambarare, na ndiyo maana ni mji wa baiskeli. Kina mama, wanafunzi na wazee, wote wako juu ya baiskeli, na bajaji zinapita katikati yao kwa adabu ambayo Dar es Salaam tumeisahau. Mwenyeji wangu alinipokea stendi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Wali wa huku, Mwalimu. Utaona."

Niliuona jioni ileile, wali wa Kilombero na samaki wa mtoni, kwa mama lishe aliyekuwa na redio ndogo kwenye kaunta. Pambazuko FM, redio ya jamii ya hapa, ilikuwa ikitoa matangazo ya jioni. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, kwa kuwa wazo la kikomo lilianzia kwenye redio za aina hiyo kabla ya kuingia kwenye faiba.

Mhandisi wa Marekani Edwin Armstrong, alipoijenga FM katika miaka ya 1930, aliweka ndani ya kipokezi hatua ya kukata vilele vya mawimbi. Alifanya hivyo kwa sababu ujumbe wa FM haukai kwenye kimo cha wimbi. Unakaa kwenye mwendo wa mitikisiko yake. Radi na mashine huchafua kimo. Ukikikata chote kikawa sawa, sehemu kubwa ya uchafu inaondoka na sauti inabaki. Kwenye faiba ya kawaida ujumbe nao haukai kwenye kiasi cha nuru. Unakaa kwenye swali moja linaloulizwa mara bilioni 10 kwa sekunde: nuru ipo, au haipo? Moja, au sifuri? Kinachohitajika ni jibu, na amplifaya ya kikomo ndiyo inayolifanya jibu hilo lisikike wazi.

Ndani ya kituo

Asubuhi tulikwenda kwenye kituo cha mawasiliano cha kampuni moja, chumba kidogo chenye kiyoyozi, betri, na kabati la vifaa vyenye taa za kijani zinazopepesa. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto lile, aliandika majina yetu kwenye daftari, akatutazama tukivua viatu ili tusiingize vumbi.

Mwenyeji wangu alikaa mbele ya kompyuta akaita taarifa za moduli ya upande wa Kidatu. Moduli hizi, zenye urefu wa kidole, zina kisambaza nuru na kipokezi pamoja, na zenyewe hupima nuru zinayoipokea. Kwenye kioo pakaandikwa: hasi 22.6 dBm.

"Njia inafanya kazi?" nikauliza.

"Inafanya kazi vizuri kabisa, Mwalimu. Gigabiti 10, hakuna anayelalamika. Lakini tulipoizindua ilikuwa ikisoma hasi 17 na kitu."

Namba ile ilinifanya nivute kiti. Hasi 22.6 dBm ni kama maikrowati 5 na nusu. Moduli za aina ile huahidi kusoma bila matata hadi hasi 24. Maana yake, kati ya njia ile na kushindwa palibaki desibeli 1 na nusu hivi. Kona moja ya kebo ikikunjwa vibaya, mvua moja ikiingia kwenye kisanduku cha maungio, basi.

Na bado hakuna aliyelalamika. Hapa ndipo sakiti yangu ilipo. Nitaieleza kwa mpangilio, kwa sababu ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam.

Nuru ikitoka kwenye faiba inaangukia kwenye fotodayodi, ambayo huigeuza kuwa mkondo wa umeme, maikroampea chache tu. Amplifaya ya kwanza inaugeuza mkondo huo kuwa volteji, lakini bado ni ndogo, pengine milivolti 10 au 20. Sakiti zinazofuata, zile zinazochomoa saa na kusoma biti, haziwezi kufanya kazi na kitu kidogo hivyo. Zinataka milivolti mia kadhaa, tena zilezile kila wakati. Ugumu ni kwamba kinachoingia hakitabiriki. Kwenye njia fupi ya mtaani kinaweza kuwa milivolti 500, na kwenye njia ndefu ya bondeni kikawa 10.

Amplifaya ya kikomo hukuza kila kitu mara mia au zaidi, lakini inapofika kiwango chake cha juu inasimama. Ikiingia 10, inatoka kiwango kamili. Ikiingia 500, inatoka kiwango kilekile. Aliye karibu na aliye mbali wanapewa sauti moja. Ninapoieleza darasani huwa nasema kwamba hii ni sakiti yenye haki, na pale kituoni, mwisho wa kilomita zote zile za miwa na misitu, nililiamini neno langu kuliko nilivyowahi kuliamini.

Haki hiyo haipatikani kirahisi. Kwenye gigabiti 10 kwa sekunde, biti moja hudumu pikosekunde 100. Ndani ya kioo inachukua nafasi ya sentimita 2 tu. Hatua moja ya transista haiwezi kukuza mara 100 kwa kasi hiyo, kwa hiyo wabunifu wanapanga hatua kadhaa mfululizo. Zikiwa tano, kila moja ikikuza mara 2 na nusu, jumla inakaribia mara 100. Lakini kila hatua inapunguza kidogo upana wa masafa unaopita, na zikifuatana upungufu unajumlika. Ukitaka mnyororo wa hatua tano upitishe gigahezi 7, kila hatua peke yake iweze kama 18. Ndiyo maana wahandisi bado wanatumia mtindo wa sakiti uliochapishwa mwaka 1963 na Cherry na Hooper wa Australia, ambao waligundua namna ya kuziunganisha hatua mbili ili mzigo wa moja usiipunguzie mwenzake kasi. Wao walikuwa na transista za zama zao. Sisi tuna silikoni na silikoni-gerimani, na wazo lao linaendelea kutulisha.

Lipo na jambo la mizani. Transista mbili zilizokusudiwa kufanana hazifanani kabisa. Tofauti ya milivolti 1 mwanzoni, ikikuzwa mara 100, inakuwa milivolti 100 mwishoni, na mstari unaotenganisha moja na sifuri unahama. Kwa hiyo ndani ya chipu huwekwa mzunguko wa polepole unaopima wastani wa kinachotoka na kuurudisha mwanzoni ili kusawazisha. Mzunguko huo unaamini kwamba moja na sifuri huja kwa idadi zinazokaribiana. Sifuri zikifuatana kwa muda mrefu unadanganyika. Ndiyo sababu data huvurugwa kwa utaratibu maalumu kabla ya kutumwa, kisha hupangwa upya zikifika. Kila anayetuma picha kutoka Mlimba au muamala wa simu kutoka Mang'ula, data zake zimevurugwa na kupangwa hivyo.

Taa nyekundu

"Sasa nikuonyeshe jambo," mwenyeji wangu alisema. Kwenye njia ya akiba isiyokuwa na mzigo, alichomoa konekta. Taa moja ikawa nyekundu papo hapo.

Wenye faiba nyumbani wanaijua taa hiyo, ile iliyoandikwa LOS, ambayo ikiwaka kila mtu anaanza kumpigia fundi. Watu wachache wanajua kwamba ipo kwa sababu ya tabia ya amplifaya ya kikomo yenyewe. Sakiti inayokuza kila kitu hadi kiwango kamili haichagui. Nuru ikikatika, kinachobaki ni kelele ndogo ya umeme ya vifaa vyenyewe, nayo hukuzwa vilevile, hadi kiwango kilekile. Kinachotoka kinafanana na data. Moja na sifuri zinamwagika kwa wingi, na hakuna hata moja iliyotumwa na mtu.

Kwa hiyo pembeni ya amplifaya huwekwa kipimo kinachotazama ukubwa wa kinachoingia kabla hakijasawazishwa. Kikishuka chini ya kizingiti, kinawasha taa na kufunga mlango wa kutokea. Kizingiti cha kuzimia na cha kuwashia havilingani, vimeachiwa nafasi kati yao, ili nuru iliyo mpakani isiifanye taa iwake na kuzimika bila mwisho.

Nikiwa pale nilielewa jambo ambalo hesabu za ubaoni hazikuwahi kunisogezea karibu hivyo. Usawa huu una gharama. Amplifaya inapompa mtumiaji kiwango kamili, inamficha hali ya njia. Maikrowati 5 na maikrowati 16, kwake ni kitu kimoja. Kasi ni ileile, video ni ileile, malipo yanapita. Njia inaweza kudhoofika mwezi baada ya mwezi bila mtu kuhisi, hadi siku inapovuka mstari, na siku hiyo haipungui taratibu. Inaporomoka. Redio ya zamani ya AM ilikuonya kwa kufifia na kukwaruza. Faiba haionyi anayeitumia. Inamwonya tu anayeipima.

Mwenyeji wangu alipata kibali cha kuihamisha mizigo kwenye njia nyingine kwa dakika chache. Akachomoa konekta ya upande wa Kidatu, akaiweka chini ya darubini ndogo ya mkononi, akanipa nitazame. Kiini cha faiba hii kina upana wa maikromita 9, na kando yake, karibu kukigusa, palikuwa na doa la kijivu lenye kingo za mafuta. Upande mmoja wa doa ulikuwa umekifunika kiini. Pengine ni alama ya kidole, pengine vumbi lililoganda kwa unyevu. Alitumia kalamu ya kusafishia, bonyezo moja, akatazama, akarudia, akafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowekwa spiriti, akatazama tena. Doa lilikuwa limekwisha. Akachomeka, tukasubiri.

Hasi 17.9.

Nuru ilikuwa imeongezeka karibu mara tatu, na mji mzima haukuona tofauti yoyote. Hakuna aliyepiga simu kushukuru. Yeye alifungua daftari, akaandika tarehe, saa, namba ya kabla na namba ya baada. Kurasa za nyuma zilijaa mwandiko wake, mstari baada ya mstari, kwa kila njia inayoingia kwenye chumba kile.

Kwenye mto

Mchana tulipanda pikipiki kuelekea Mto Kilombero. Njiani tulisimama karibu na Lumemo, mto mdogo ambao kwenye mvua kubwa humwaga maji yake mjini. Mafundi wawili, wenzake mwenyeji wangu, walikuwa wakirekebisha kisanduku cha maungio kilichoingia maji. Wameketi chini ya mwavuli mkubwa, meza yao ni kreti ya soda iliyofunikwa kitambaa safi. Mmoja alichuna ganda la plastiki, akaipangusa faiba kwa spiriti hadi ikalia kwa usafi, akaikata kwa kisu maalumu ili uso wake uwe wima kabisa, akailaza kwenye mashine ya kuunga. Kwenye kioo cha mashine ncha mbili zilitokea zikitazamana, zikasogezwa na mota zake zenyewe, cheche ikapita, na ncha zikawa kioo kimoja. Mashine ikaandika hasara ya desibeli 0.02. Akavuta mrija wa kukinga, akauweka kwenye tanuri dogo la joto, akachukua uzi mwingine. Jasho lilikuwa likimtiririka, lakini hakuliacha lidondoke kwenye kazi.

Ukizidisha 0.02 kwa maungio yote ya kutoka Kidatu, unapata hasara ndogo inayovumilika. Kama kila mmoja angeunga ovyo kwa desibeli 0.3, Ifakara isingesomeka kabisa. Akiba ya desibeli chache tuliyoiokoa asubuhi ilitengenezwa na mikono kama hii, juani, ungio kwa ungio.

Kisha tukafika kwenye daraja. Kwa miaka mingi watu wa Ulanga na Malinyi walivuka mto huu kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilipinduka kwa upepo na mvua. Mei 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, mita 384 za zege, na upande wa pili haukuwa ng'ambo tena kama zamani. Tulisimama katikati. Chini yetu mitumbwi ilikuwa ikipita. Mbele uwanda wa mafuriko ulienea hadi unapokutana na mbingu. Bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya kimataifa mwaka 2002, na ni makazi makuu ya sheshe, swala wa majimaji anayeonekana kwa nadra kwingineko Tanzania.

Nilimuuliza mwenyeji wangu ni nani hasa wanaotegemea namba anazoandika. Akaniorodheshea bila kufikiri: hospitali, benki, halmashauri, wakala wa fedha wa kila kijiji, wanunuzi wa mpunga wanaoulizia bei mjini, minara ya simu. Nami nikaongeza watafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu 1996 imekuwa ikifuatilia kaya za bonde hili, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kazi zake juu ya malaria na mbu zinasomwa duniani kote. Elimu inayotoka katika mji huu ina thamani kubwa, na haifai ikwame kwa sababu ya doa la mafuta kwenye konekta.

Ninalorudi nalo

Tumezoea kuhesabu maendeleo ya mawasiliano kwa kilomita zilizotandazwa na wilaya zilizounganishwa. Ni hesabu nzuri, na waliofikisha faiba hapa wanastahili heshima. Lakini hesabu hiyo inaishia siku ya uzinduzi. Baada ya hapo vipokezi vyetu, kwa ubora wao wenyewe, vinatuambia kwamba kila kitu ni kamili hadi dakika ya mwisho. Anayeusubiri mtandao uonyeshe dalili amechelewa tayari.

Kwa hiyo nina maombi kwa pande mbili. Kwa wenye mitandao: kila kituo cha wilaya kiwe na darubini ya konekta, kalamu ya kusafishia na kipima nuru, na namba za kila njia ziandikwe na kusomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua kabla taa nyekundu haijawaka. Vifaa hivyo ni rahisi mno ukilinganisha na kilomita moja ya kebo. Vinguzo vya barabarani visimamishwe upya, na wenye mashamba waelezwe kinachopita chini ya miguu yao. Kwa sisi walimu: mwanafunzi asihitimu kwa kuchora amplifaya tu. Aipime ikiwa mwisho wa njia ndefu, faiba ikiwa imeunganishwa kwa mkono wake mwenyewe, konekta ikiwa imechafuliwa kwa makusudi, hadi aone kwa macho yake jinsi kinachotoka kinavyobaki kizuri huku kinachoingia kikielekea kufa. Muhula ujao darasa langu litaanzia hapo, na mwenyeji wangu wa Ifakara amekubali kuja kufundisha wiki hiyo, na daftari lake mkononi.